Sakafu ya Mbao Malindi: Liulize Zege Kwanza

Nikiitwa kwenye nyumba ambayo sakafu yake ya mbao imeinuka, wenyewe hunionyesha mbao. Wananionyesha kingo zilizosimama, kiungo kilichoachana, doa jeusi karibu na mlango wa baraza, kisha wanataka niseme kama ubaya ni wa mbao au wa gundi. Mimi huanza na maswali mengine. Zege lilimwagwa lini? Chini yake kuliwekwa nailoni? Maji ya kukorogea yalitoka kisima gani, na mchanga ulitoka wapi? Wengi hawajui, na hilo wasilolijua ndilo mara nyingi lililoinua mbao zao.

Nafanya kazi ya sakafu hapa Malindi, kuanzia Casuarina hadi Mambrui, na naipenda kazi hii tangu siku nilizokuwa nikimshikia mjomba wangu ubao akiupiga randa. Miaka hii watu wengi wanataka mbao za tabaka zinazobandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya zege. Wameziona hotelini, wameziona kwenye simu, na wanazitaka sebuleni kabla ya wageni wa Desemba. Sina ugomvi na mbao hizo. Zikiwekwa sawasawa zinatulia, hazilii mtu akipita, na mguu mtupu unazifurahia kuliko taili. Kinachoniuma ni kuona pesa za watu waliojinyima wakajenga zikiinuka sakafuni masika ya kwanza, na sababu karibu kila mara ni ileile: haraka.

Tuanze na ubao wenyewe. Juu una tabaka la mti mzuri, mwaloni au msaji, lenye unene wa milimita 3 hivi hadi 6. Chini yake kuna plaiwudi ambayo kila tabaka limelala kinyume na mwenzake. Unene wote huwa kati ya milimita 14 na 20 hivi. Mti ukinywa unyevu hutanuka kwa upana, urefu wake karibu haubadiliki, kwa hiyo tabaka lililolala kinyume humzuia mwenzake asitanuke apendavyo. Ukitaka kujua faida yake, chukua ubao mzima wa mwaloni, usio na tabaka, wenye upana wa milimita 150. Ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 7 ukafika 14, unaweza kutanuka karibu milimita 4. Chumba cha mita nne na nusu kina mbao 30 za upana huo. Piga hesabu uone ukuta utasukumwa kiasi gani.

Hizo asilimia 7 na 14 sikuziokota njiani. Viwanda vya Ulaya hukausha mbao za tabaka mpaka unyevu wake uwe kati ya asilimia 5 na 9, kwa sababu nyumba za kule zina hita na hewa kavu wakati wa baridi. Hewa yetu ni nyingine. Kwenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa hewani wa asilimia 75, mti wowote ukiachwa wazi hatimaye utatulia kwenye asilimia 14 hivi. Hewa ikifika asilimia 80, mti nao unakaribia 16. Chumba chenye AC inayoshikilia hewa kwenye asilimia 50 au 55, mti utakaa kwenye 9 au 10. Kwa hiyo boksi linaloshushwa Malindi lina mbao zenye kiu, na swali lote la kazi yetu ni zitanywa wapi, kiasi gani, na upande upi. Zikinywa kidogo kidogo pande zote mbili, zitatanuka kidogo na kutulia. Zikinywa kwa chini tu, upande wa chini unatanuka, wa juu unabaki, kingo zinasimama, katikati panabonyea. Na maji ya chini yanatoka kwenye zege.

Zege la nchi yenye hewa kavu na zege la Pwani yanachanganywa kwa vitu vilevile, lakini hayakauki sawa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 za maji ili saruji ishikane. Hayo yanageuka kuwa sehemu ya jiwe na hayatoki tena. Lakini hakuna mtu anayemwaga zege kwa lita 12, haliwezi kumwagika. Fundi anaweka 25, anaweka 30, na vijana wakichoka kusukuma koleo wanaongeza debe lingine pasipo mtu kuhesabu. Hayo yote yaliyozidi yamebaki ndani, na njia yake ya kutoka ni moja tu, kupanda juu polepole na kuchukuliwa na hewa. Hewa yenyewe ikiwa imejaa maji, itayachukua ya nani? Zege hapa ni kama mtungi: kwa nje unauona mzima na mkavu, kumbe kutwa unatoa jasho.

Hapa ndipo siku 28 zinapowapoteza watu. Kila anayejenga amesikia kwamba zege linakomaa siku 28, na ni kweli, ila huko ni kukomaa kwa nguvu. Ukavu una hesabu yake. Kanuni wanayotumia mafundi wa Uingereza ni milimita moja kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, na zaidi ya hapo kasi inapungua. Na hiyo ni kwa chumba kilichoezekwa, chenye milango na madirisha, hewa ikipita na isiwe nzito. Sasa slabu ya milimita 100 iliyomwagwa Agosti, ikanyeshewa na vuli kabla ya bati kupanda, mtu anataka niibandikie mbao Desemba. Siwezi. Miezi yenye msaada ni ile ya kaskazi, Januari na Februari hasa, upepo ukiwa unavuma na mvua hakuna. Mwenye ratiba ya kujenga na moyo wake uko kwenye sakafu ya mbao, basi aupange ujenzi ili zege lipitishe kaskazi likiwa chini ya paa.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alijenga nyumba ya chini pale Barani. Mbao zilifika kabla sijafika mimi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbao ziko hapa tangu juzi, mbona vijana wako siwaoni?”

Nikamwambia nataka kwanza kulala na zege lake usiku mmoja. Nikakata vipande vya nailoni ya wazi, kila kimoja kama sentimita 45 kwa 45, nikavibandika sakafuni kwa utepe pande zote nne pasibaki hata upenyo wa sisimizi: kimoja sebuleni katikati, kimoja kwenye ukumbi, kimoja kando ya ukuta wa jikoni. Asubuhi tukaenda pamoja. Cha sebuleni kilikuwa na ukungu mwepesi. Cha kando ya jikoni kilikuwa na matone yaliyojipanga upande wa chini, na nilipokivua, mraba wote wa zege ulikuwa mweusi, umejichora mistari yake kama iliyopimwa kwa rula, huku zege la pembeni likiwa na kijivu chake cha kawaida. Mwalimu akainama, akaweka kiganja pale, akakigeuza akakitazama.

“Na jua lote hili?”

“Jua liko nje, mwalimu. Haya yametoka chini.”

Akanyamaza kidogo. “Basi funga hayo maboksi vizuri. Pensheni niliisubiri, zege litanishinda?”

Ningependa kila mwenye nyumba awe na moyo ule. Lakini niseme pia kwamba kipimo cha nailoni kina mpaka wake. Kikionyesha maji, kuna maji, hakuna ubishi. Kisipoonyesha, hakijakupa ruhusa, maana kinakueleza habari za juujuu na za usiku ule tu. Juu kunaweza kukauka huku katikati kumelowa, na ukishafunika kwa gundi na mbao, ule unyevu wa katikati unapanda kutafuta usawa. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini zaidi ni kile cha kutoboa. Unatoboa slabu mpaka asilimia 40 ya unene wake, kwa slabu ya milimita 100 ni tundu la milimita 40, unalisafisha vumbi, unaingiza kipimo cha unyevu, unaziba, unasoma baada ya saa 24. Nyumba ya mita za mraba mia hivi inataka matundu matatu. Gundi na mbao nyingi zinataka usomaji wa hewa ya ndani ya tundu usiozidi asilimia 75, nyingine zinaruhusu hadi 80 au 85, imeandikwa kwenye karatasi yake na isomwe. Kuna na chupa ya chuma ya kabidi: unachimba kipande cha zege, unakisaga, unakitia kwenye chupa pamoja na kabidi, maji yaliyomo yanatoa gesi na geji inasoma mgandamizo. Hapa hesabu ni ya uzito, na kwa mbao juu ya saruji mpaka ni asilimia 2. Vifaa hivi si bei ya chai, lakini kodi yake kwa siku ni ndogo mbele ya kung’oa sebule nzima.

Maji ya pili yanatoka ardhini, na haya hayaishi kwa kusubiri. Zege lililomwagwa juu ya mawe ya kujazia bila nailoni litanyonya unyevu wa udongo maisha yake yote. Nailoni inayotakiwa ni ile nzito ya geji 1000, ambayo ni robo milimita, itandazwe juu ya mchanga laini uliofunika mawe, ipishane vizuri kwenye viungo na ipandishwe ukutani. Naijua inavyokufa: wilbaro inapita juu yake, ncha ya waya wa BRC, ule wavu wa chuma unaolazwa ndani ya zege, inaitoboa, mtu anaivuta ili apate nafasi ya kusimama, halafu zege linakuja na kuficha yote. Kama una siku moja tu ya kwenda kusimama kwenye ujenzi wako, nenda siku ya kumwaga slabu, na nenda asubuhi kabla lori halijaja. Hiyo ndiyo siku ya kuuliza na dawa ya mchwa ilipigwa lini, maana baada ya hapo huna pa kuipigia.

Halafu kuna chumvi, na sijui kwa nini haizungumzwi. Mchanga wa mto Sabaki una gharama ya lori, mchanga wa ufuoni uko hapo tu mbele ya nyumba, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege haitoki. Sote tunaijua chumvi ya mezani hapa Pwani inavyoshikana kwenye kopo. Huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na hewa yetu ya alfajiri inapita hapo siku nyingi za mwaka. Slabu yenye chumvi inafanya hivyohivyo. Unaipima Februari imekauka, unaipima Mei imelowa, na hakuna bomba lililopasuka. Zaidi ya hayo, chumvi inakula chuma kilichomo ndani. Ukiona unga mweupe unachomoza kwenye zege au kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe karibu na sakafu, kabla ya kuzungumza habari za mbao mtafute anayejua unyevu unapandia wapi.

Watu huniambia: si kuna dawa ya kuziba? Ipo, na mimi naitumia. Ni epoksi ya sehemu mbili inayopakwa mara mbili kwa rola, koti la pili likimwagiwa mchanga mkavu ili kitakachofuata kipate pa kushika. Nyingine zinaruhusu zege ambalo tundu lake linasoma hata asilimia 95. Kwa slabu changa ambayo chini yake nailoni ipo, ni njia ya halali ya kupunguza miezi ya kusubiri. Ila iheshimiwe. Zege lazima lisagwe kwanza, koti liwe kamili bila tundu la sindano, nyufa zijazwe. Na pale ambapo maji yanatoka ardhini bila kizuizi, epoksi haiyamalizi, inayafukuza tu. Yakizuiwa sakafuni yanaenda ukutani, na baada ya muda unaona rangi ya ukuta inavimba kwa chini na plasta inamwagika. Umehamisha tatizo kutoka chumba cha mbao kwenda kwa mpiga rangi.

Kauli ninayoipinga kwa nguvu ni ile ya kwamba gundi yenyewe ni kizuizi. Kuna gundi ambazo kweli zimetengenezwa kuzuia unyevu, lakini zinazuia pale zilipo tu. Niliitwa nyumba moja njia ya kwenda Watamu ambapo kontrakta alimpa mwenye nyumba maneno hayohayo, akaruka epoksi. Niling’oa ubao mmoja katikati ya sebule. Chini yake gundi ilikuwa imesimama mistari mistari, vile meno ya mwiko yalivyoiacha, vilele vyake havijabonyezwa, na katikati ya mstari na mstari zege liko wazi, limetoa chumvi nyeupe nyembamba ndefu kama uzi. Unyevu ulikuwa umepita kwenye vichochoro hivyo kwa raha zake. Plaiwudi ya chini ilikuwa nyeusi. Gundi haikuwa na kosa, iliambiwa ifanye kazi ya mlango mahali ambapo hakukuwa na mlango.

Zege likishakubali, bado uso wake haujakubali. Nyumba zetu nyingi zina niru, ile saruji tupu inayopigwa mwiko juu mpaka inang’aa, na wenye nyumba huifurahia wakidhani kazi yangu imerahisishwa. Niru ni ngozi. Ni nyembamba, imefungwa, na haikushikana sana na zege lililo chini yake. Ukibandika mbao juu yake, gundi inashika niru vizuri kabisa, kisha ubao ukivuta kidogo, niru ndiyo inayobanduka ikiwa imeng’ang’ania gundi. Mimi hudondosha tone la maji. Likikaa juu kama lilivyo, uso umefungwa, lazima usagwe. Likinywewa ndani ya dakika chache, tunaweza kuongea. Tunasaga kwa grainda yenye sahani ya almasi, mashine ya kunyonya vumbi ikiwa imeunganishwa, na kila kijana amevaa barakoa ya kweli, si kitambaa. Vumbi la zege linaharibu mapafu na mapafu hayatengenezeki. Nawaambia vijana hivi kila mara na sitachoka.

Usawa ni jambo fupi: rula ya mita 2 ikilazwa popote, chini yake pasionekane pengo la zaidi ya milimita 3. Palipoinuka pasagwe, palipobonyea pajazwe kwa mota ya kujisawazisha inayokubaliana na gundi. Kujaza kwa gundi nyingi ni kupoteza gundi na kuacha ubao unaonesanesa.

Maboksi yawekwe ndani ya chumba chenyewe, yamelala, mbali na ukuta, na AC ikiwa inafanya kazi kama itakavyofanya maisha yote ya nyumba. Kuyaacha barazani wiki nzima ndiyo eti “yazoee Malindi” ni kuyanywesha kabla ya safari. Yazoee chumba yatakachokaa.

Siku ya gundi huwa naamka mapema. Gundi za mbao za siku hizi, za poliuretani na jamaa zake, hazikauki kwa kupoteza maji, zinakomaa kwa kuyanywa hewani. Ile namba ya dakika iliyoandikwa kwenye ndoo ilipimwa maabara, nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Hapa kwetu, madirisha yakiwa wazi saa nne asubuhi, inaota ngozi mapema kuliko ndoo inavyosema. Kwa hiyo sitandazi zaidi ya pale mkono wangu unapofika, upana wa mbao mbili au tatu, na kila mara nagusa kwa ncha ya kidole kilichovaa glavu. Ikivutika nyuzi na kuacha alama kidoleni, iko hai. Ikinata bila kuacha kitu, imechelewa, inakwanguliwa na kutupwa. Inauma kutupa gundi ya bei ile, lakini ubao uliolazwa juu ya ngozi haujabandikwa.

Mwiko wa meno unashikwa umeinama nusu, pembe ileile kutoka mwanzo wa chumba mpaka mwisho. Meno yake yanalika kwa kusugua zege, na mwiko uliolika unaacha gundi pungufu bila wewe kuona tofauti. Naubadilisha kabla haujaniomba. Safu ya kwanza inafuata uzi wa chaki uliopigwa kwa vipimo vya chumba, wala haifuati ukuta, kwa sababu kuta zetu, na hasa zile za matumbawe, zina mapenzi yao. Safu mbili za mwanzo zikishashika, nyingine zinazifuata bila kuyumba. Ubao unalazwa, unasukumwa kidogo uingie mahali pake, unagongwa kwa nyundo ya mpira juu ya kipande cha mbao, unakanyagizwa. Kila baada ya muda nainua mmoja uliolala punde nitazame mgongo wake. Nataka kuuona umepakwa wote, mistari ya meno imebonyea ikakutana. Kama bado kuna mistari, mwiko haufai au zege lina bonde, na ni bora kujua sasa. Vichwa vya mbao vipishane angalau sentimita 30, mbao zichukuliwe kutoka maboksi kadhaa ili rangi ichanganyike, na kando ya kila ukuta, nguzo na fremu ya mlango libaki pengo la milimita 10 hadi 15. Pengo hilo ni la lazima hata kwa mbao zilizobandikwa. Skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, italifunika, na skatingi ipigiliwe ukutani, isipigiliwe sakafuni.

Gundi iliyopanda juu ya ubao ifutwe papo hapo. Ikishakomaa haitoki mpaka itoke na vanishi. Baada ya hapo chumba kifungwe, asipite mtu kwa saa 24, hata mwenye nyumba, hata kama anataka kupiga picha tu.

Nikimaliza sikabidhi funguo kwa mwenye nyumba peke yake. Naomba kukaa na dada anayesafisha na mlinzi anayebaki, kwa sababu sakafu sasa iko mikononi mwao. Huku kwetu usafi ni kupiga deki: maji ya ndoo yanamwagwa, yanasukumwa kwa fagio mpaka barazani, na nyumba inanukia. Taili na chokaa vinayapenda maji hayo. Mbao za tabaka zinaharibikiwa nayo, maana yanaingia kwenye viungo na kufika kwenye plaiwudi. Dada hana kosa akimwaga ndoo kama hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo namwonyesha mimi mwenyewe: fagio laini kwanza litoe mchanga, kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikigusa mkono hakiachi unyevu. Mchanga wa ufuoni nao unakwangua vanishi kila unapoburutwa na miguu, basi pawe na bomba la kuoshea miguu nje na mkeka mkavu mlangoni.

Mlinzi namfundisha kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kile cha kutundika ukutani. Hewa ya chumba ikae kati ya asilimia 40 na 60. Shida kubwa ya Malindi iko hapa: nyumba nyingi za wageni zinafungwa Aprili, umeme unazimwa ili kubana matumizi, madirisha yanafungwa kwa hofu ya wezi, na masika yanakuja kuikuta nyumba imefumbwa. Kufika Julai hewa ya ndani imekuwa nzito kuliko ya nje. Mbao zilizotulia kwenye 9 zinapanda kuelekea 15. Kama mwenye nyumba hayuko tayari kuacha AC au mashine ya kunyonya unyevu ikifanya kazi miezi ile, namshauri asiweke mbao, na ushauri huo umeninyima kazi kadhaa ambazo sizijutii. Kuna teraso nzuri, kuna taili, na kuna chokaa. Ukitembea kwenye magofu ya Gede utaona nyumba za mawe ambazo sakafu zake zilikuwa za chokaa, na nyumba za kale za Lamu zina sakafu za chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko. Mti waliupenda sana, ila waliupeleka kwenye milango na darini, mahali ambapo hewa inauzunguka pande zote. Kwa nyumba inayofungwa nusu mwaka, sijaona hekima iliyopita hiyo.

Na kwa aliye na sakafu iliyokwisha kuinuka: usikimbilie kuita mashine ya kusugua. Kingo zikiwa juu leo kwa sababu ya maji, ukizisugua ziwe sawa, siku mbao zikikauka kingo zitashuka chini ya katikati na utakuwa na vilima badala ya mabonde, na tabaka la mti wa juu limeisha. Tafuta maji kwanza. Anza na bomba la AC linalotoa maji. Nimelikuta limeziba na kumwagia ndani ya ukuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha bafu lililo upande wa pili wa ukuta, kisha bustani inayomwagiliwa juu ya usawa wa sakafu. Ukishayakata, washa AC, acha chumba miezi kadhaa, pima mbao mpaka usomaji usimame. Nyingi zinarudi zenyewe. Zinazobaki na sauti ya utupu ukizigonga kwa vidole zinaweza kutobolewa vitundu na kuingiziwa gundi kwa bomba la sindano. Zilizooza plaiwudi zinakatwa na kubadilishwa, na kwa hilo utahitaji mbao za mkupuo uleule wa kiwandani, kwa sababu rangi ya mkupuo mwingine haitalingana. Agiza maboksi mawili ya ziada tangu mwanzo, na uyaweke ndani ya nyumba, juu ya kabati chumbani, wala si kwenye stoo ya nje.